Kisima au Bomba: Kuchagua Maji ya Shambani Arusha na Moshi

Anayeuza kiwanja Kikwe, Ngaramtoni, Boma Ng'ombe au Kahe atakuambia maji yapo. Neno hilo "yapo" lina maana nyingi. Huenda bomba kuu limepita barabarani, mita mia sita kutoka kwenye mpaka wa shamba. Huenda jirani ana kisima. Huenda ni mfereji unaopita masika na kukauka Agosti. Mnunuzi anaondoka ameridhika, halafu baada ya kujenga ndipo anaanza kuuliza lipi lilikuwa bora, kuvuta bomba au kuchimba kisima.

Watu wengi huanza na bei. Kwa pande hizi za Meru na Kilimanjaro hilo ni kosa. Kilichomo ndani ya maji kinatangulia bei, maana kipo kitu kimoja kinachoweza kukufanya uachane na kisima cha mamilioni hata kama kinatoa maji usiku na mchana.

Floraidi kwanza

Miamba na majivu ya volkano ya Meru yana floraidi. Maji yanapopenya na kukaa ardhini muda mrefu huiyeyusha na kuibeba. Mahali penye kalisi nyingi, floraidi hushikana nayo ikatulia kama chembe za madini. Maji ya Meru mengi yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki humo humo majini. Ndiyo maana macho na ulimi havisaidii. Maji laini, yanayotoa povu la sabuni upesi, yanaweza kuwa mabaya kuliko yale "magumu" yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika.

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kisha kiwango kikashushwa kikawa 1.5. Hapa wengi hujikwaa: cheti cha zamani cha kisima kinaweza kuwa na maneno "yanafaa kwa kunywa" huku namba yake ni 3.2. Soma namba, usisome muhuri.

Madhara yake yanajulikana kwa wenyeji. Mtoto anayekunywa maji hayo kabla ya kufika miaka minane, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya, huota meno ya kahawia ambayo hayasafishiki kwa mswaki wala dawa. Kiwango kikiwa kikubwa na kikanywewa miaka mingi, mifupa huathirika. Kijiji cha Tindigani, wilayani Hai, kilifanyiwa uchunguzi wa kitabibu kwa sababu ya watoto waliopinda miguu, na maji ya kisima pamoja na magadi ya kupikia vilitajwa. Magadi yenyewe yana floraidi, kwa hiyo nyumba inayolainishia makande kwa magadi inaongeza mzigo juu ya ule wa maji.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki ile ile kwenye maji machache, yaani inakolea. Klorini haiondoi, kitambaa hakiondoi, chujio la mchanga au la udongo haliondoi. Kinachoondoa ni mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, au mashine ya kuchuja kwa utando. Mkaa wa mifupa hushiba, na siku unaposhiba maji hayabadiliki ladha wala rangi. Asiyepima kila baada ya miezi michache ataendelea kunywa floraidi kupitia chujio analoliamini. Mashine ya utando ni nzuri, ila zile ndogo za jikoni humwaga lita mbili au tatu kwa kila lita moja zinayotoa, na zinataka umeme na msukumo wa kutosha.

Je, kuchimba chini zaidi kunasaidia? Mara nyingi la. Maji ya chini sana yamekaa na mwamba muda mrefu zaidi. Na kisima cha jirani hakikuhakikishii chako: matabaka ya majivu na tope la volkano hayakulala sawasawa, hasa mashariki ya Meru kuelekea Maji ya Chai na Ngarenanyuki, ambako floraidi ni kubwa sana. Visima viwili vinavyoonana vinaweza kutofautiana mara mbili au tatu.

Upande wa Kilimanjaro hali ni nafuu. Chemchemi za miteremko ya kusini, Machame, Kibosho, Uru hadi Marangu, kwa kawaida zina floraidi kidogo. Ukishuka tambarare za Hai kuelekea uwanja wa ndege, nafuu hiyo usiitegemee tena. Na bomba nalo lisipewe cheti kwa sababu tu ni bomba. Miradi mingi ya vijijini hupata maji kutoka visima virefu vile vile, kwa hiyo pima maji ya bombani kwa jirani kama unavyopima ya kisimani.

Sampuli ya madini ichukuliwe kwenye chupa safi ya lita moja, uisuuze mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kuijaza pomoni. Sampuli ya vijidudu ni tofauti: chupa iliyotakaswa hutolewa na maabara, iwekwe kwenye baridi, ifikishwe siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zinapima. Omba floraidi, naitreti, uwezo wa maji kupitisha umeme (ndicho kipimo cha chumvichumvi), sodiamu, chuma na vijidudu vya kinyesi. Naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Vijidudu vya kinyesi viwe sifuri katika mililita 100.

Bomba: umbali, upana na mgao

Mjini na pembezoni mwake utakutana na mamlaka za maji za miji: AUWSA upande wa Arusha na MUWSA upande wa Moshi. Vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na vyombo vya watumia maji vinavyosimamia mradi wa kijiji. Jua kwanza shamba lako liko kwa nani. Mipaka haifuati kata unavyodhani, na kuna watu waliolipa fomu ofisi isiyowahusu.

Gharama ya kuunganisha inategemea umbali kutoka bomba lenye uwezo, siyo bomba lolote lililo karibu. Ile polipaipu nyembamba inayopita mbele ya geti mara nyingi ni ya jirani aliyevuta kwa fedha zake, na ukijiunga hapo mtagawana kitone. Uliza bomba lenye upana gani limeishia wapi.

Halafu upana wa bomba lako mwenyewe. Watu hubana fedha hapa na wanalia miaka kumi. Chukua umbali wa mita 600 na maji ya lita 12 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 ijae chini ya dakika mbili. Polipaipu ya milimita 20 itameza karibu mita 47 za msukumo (yaani kimo ambacho maji yangeweza kupanda) njiani kwa msuguano tu. Ya milimita 25 itameza karibu 14. Ya milimita 32 itameza karibu 4. Kama bomba kuu lina msukumo wa mita 30, ile ya milimita 20 haitakuletea hayo maji yote, na fundi atakuambia "presha ya mamlaka ni ndogo". Presha ilikuwepo, imeishia kwenye bomba lako. Nunua la milimita 32, daraja la PN10 (kipimo cha msukumo ambao bomba linahimili), lilazwe kwenye mtaro wa kina kisichopungua sentimita 60 ili jembe na matairi ya trekta yasilifikie. Kuvuka barabara kunahitaji ruhusa ya wenye barabara, TARURA au TANROADS, na bomba lipite ndani ya bomba kubwa zaidi.

Mgao ndio kero ya pili. Usiulize ofisini kama kuna mgao; uliza nyumba tatu za karibu maji hutoka siku zipi na saa ngapi, na waliwahi kukaa siku ngapi mfululizo bila maji mwezi Septemba au Oktoba. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua tanki. Familia ya watu watano hutumia karibu lita 500 kwa siku ikiwa na choo cha kuvuta. Ng'ombe wawili wa maziwa wanataka lita 150 au zaidi. Jumla 650. Ukame wa siku nne ni lita 2,600, basi simtanki ya lita 3,000 inatosha. Ikiwa maji hukatika wiki nzima, ni ya lita 5,000. Likijaa hilo lina uzito wa tani tano, kwa hiyo nguzo za miti hazifai. Jenga kwa zege na nondo.

Jambo dogo kuhusu dira ya maji. Maji yakirudi baada ya mgao, hewa hutangulia na inaweza kuizungusha. Weka koki baada ya dira, ifunge maji yakikatika, ifungue polepole jirani akishapata maji. Na mara moja kwa mwezi funga koki zote za nyumbani, kisha chungulia kile kinyota au kipembetatu kidogo chekundu kwenye uso wa dira. Kikizunguka, hata taratibu, kuna bomba linavuja chini ya ardhi au floti ya tanki haifungi, na unalipia.

Kisima: kibali, mashimo na pampu

Kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono kinafaa tambarare zenye maji ya karibu, kama sehemu za Kahe na mabondeni chini ya Usa River. Kichimbwe Septemba au Oktoba, maji yakiwa yameshuka kabisa. Kilichochimbwa Mei hukauka Septemba. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka chooni na zizini, upande wa juu wa mteremko. Kijengewe pete za zege, mfuniko, na sakafu inayomwaga maji mbali. Bila hayo, mvua ya kwanza ya masika inaosha zizi na kuliingiza kisimani.

Kisima kirefu ni habari nyingine. Kibali kwa sehemu kubwa ya miteremko ya kusini hutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi: kibali cha kuchimba, kisha cha kutumia maji, ambacho kina ada ya kila mwaka. Mchimbaji awe na leseni ya Wizara ya Maji. Dai uione.

Bei anayokutajia kwa simu, "mita moja ni kiasi fulani", siyo bei ya maji. Bei kamili ina uchunguzi wa ardhi, kusafirisha mtambo, kuchimba, mabomba ya kesingi (ya kushikilia kuta za kisima) yenye matundu na yasiyo na matundu, kokoto laini za kuzungushia, saruji ya kuziba sehemu ya juu, kusafisha kisima kwa hewa, kupima wingi wa maji, kupima ubora, pampu, bomba la kupandishia, waya, kisanduku cha umeme, mnara na tanki. Aandike pia nani anabeba hasara maji yasipopatikana. Kwa kawaida ni wewe, na ni vizuri uijue kabla mtambo haujaingia.

Usiruhusu mambo mawili kurukwa. La kwanza ni saruji ya juu, angalau mita tatu hadi tano kuzunguka kesingi. Ikirukwa, maji machafu ya juu hushuka kandokando ya bomba mpaka kwenye maji safi, na kisima cha mita 80 kinakuwa na vijidudu kama cha mita tano. La pili ni kupima wingi kwa kusukuma saa 24, huku fundi akiandika kina cha maji kila baada ya muda, kisha kuacha na kuangalia maji yanapanda kwa kasi gani. Kupuliza kwa hewa nusu saa na kusema "kinatoa lita elfu tano" si kipimo.

Pampu nyingi hufa kwa sababu chache zinazojirudia. Maji yakishuka chini ya pampu, inazunguka bila maji na kuungua, kwa hiyo kifaa cha kuizima maji yakiisha ni cha lazima. Umeme wa mwisho wa laini kijijini hushuka jioni. Voltaji ikifika chini ya 200, mota ya 230 huvuta mkondo mkubwa na kupata joto. Weka kilinda voltaji, na pampu ifanye kazi usiku wa manane au mchana. Waya mwembamba kwenye kisima kirefu nao hula voltaji kabla haijafika chini. Mchanga hukwangua pampu pale mabomba ya matundu yalipowekwa bila kokoto sahihi. Na pampu ifungwe kamba imara, maana bomba likikatika bila kamba, umezika pampu na kisima pamoja.

Sola inafaa sana kwa kisima cha shambani: pampu hufanya kazi jua likiwaka, tanki linajaa, betri haihitajiki.

Hesabu inayobadilisha uamuzi

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50 kiosk, uniti imekuwa shilingi 2,500. Linganisha na bili ya jirani mwenye dira.

Kwa kisima, chukua maji yanayosimama mita 60 wakati wa kusukuma. Ongeza mnara na msuguano, jumla mita 70. Pampu ya kawaida itakula karibu nusu uniti ya umeme kwa kila lita 1,000. Kwa mteja wa LUKU anayelipa karibu shilingi 350 kwa uniti, ni kama shilingi 175. Rahisi sana, ndivyo wauzaji wa visima wanavyosema, na wamesema kweli nusu.

Nusu nyingine ni mtaji. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kisima na kila kitu chake kimekula milioni 18 na kitakaa miaka 15. Nyumba ya lita 650 kwa siku hutumia uniti 237 kwa mwaka. Gawanya: kila uniti imebeba zaidi ya shilingi 5,000 za mtaji kabla ya umeme na matengenezo. Sasa ongeza robo ekari ya nyanya au mboga kwa matone, ambayo kiangazi hutaka karibu lita 5,000 kwa siku kwa siku 150. Matumizi yanapanda hadi karibu uniti 990 kwa mwaka, na mtaji unashuka hadi shilingi 1,200 hivi kwa uniti. Kisima kwa nyumba pekee, mahali penye bomba linalofika, mara nyingi ni hasara. Kisima kwa kilimo kinajilipa.

Isipokuwa udongo ukiharibika. Hapa sodiamu inarudi. Maji yenye upitishaji umeme chini ya mikrosiemensi 700 kwa sentimita hayaleti shida ya chumvi. Yakizidi 3,000 ni mazao machache yanayovumilia. Maharage huumia mapema kuliko nyanya. Na sodiamu ikizidi kalisi, udongo wa juu hufunga kama saruji baada ya misimu kadhaa, maji yanatuama badala ya kupenya.

Tunavyoshauri

Kibosho, Machame, Marangu: vuta bomba la mradi wa mserereko, ambao maji hushuka yenyewe bila pampu. Kisima kwenye kihamba (shamba la nyumbani) hakihitajiki, na mfongo, yaani mfereji wa asili, ubaki wa migomba na kahawa, usiwe wa kunywa.

Kahe na tambarare za chini ya Moshi: kisima kwa kilimo kinafaa baada ya kupima chumvi, ya kunywa yatoke bombani likiwepo.

Ukanda wa Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi King'ori: usichague moja. Tenga maji ya mdomoni na maji ya ardhini. Ya mdomoni, ya kunywa na kupikia, hayazidi lita 35 kwa siku kwa watu watano. Bomba lililopimwa likiwa chini ya 1.5, linatosha. Likizidi, vuna mvua: paa la mita za mraba 100 hutoa lita 800 kwa kila milimita 10 ya mvua, hata baada ya kuondoa yanayopotea, na maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Tangu masika yaishe hadi vuli ni kama siku 150. Lita 35 mara 150 ni lita 5,250. Simtanki moja ya lita 5,000 inayojazwa na masika inakaribia kuivusha familia kiangazi chote. Mvua ya kwanza imwagwe nje, iondoe vumbi na kinyesi cha ndege, na tanki lifunikwe mbu na mwanga visiingie. Kuchemsha hapa kunasaidia, kwa ajili ya vijidudu.

Mabomba ya maji ya mdomoni na ya kisima yasikutane. Pampu ya kisima ikiunganishwa na laini ya mamlaka inaweza kusukuma maji ya kisima kwenye nyumba za majirani, na ni kosa. Kila maji yaingie tanki lake kutoka juu, pakiwa na nafasi ya hewa kati ya mdomo wa bomba na maji. Jikoni weka koki moja tu ya maji ya kunywa, ndefu kuliko nyingine ili hata mtoto asiyejua kusoma aitambue, na ya kisima iishie nje, kwenye zizi na bustani.